Marahaba ya Askari

Mwalimu Neema, aliyerithi darasa langu la awali pamoja na kabati lake bovu, ameniomba niandike jinsi nilivyokuwa nikiwatembeza watoto mjini, ili walimu wanaokuja wasianze na sifuri. Amesisitiza niandike ya kazi tu. Hilo halina shida, maana vyeo sikupata, na ya mshahara yanaisha kwa sentensi moja ambayo naiacha. Nilifundisha watoto wa miaka mitano na sita hapa Kariakoo, shule moja, chumba kimoja, tangu nikiwa msichana mwenye haraka mpaka nikafika umri wa kukaa kwenye vile viti vyao vidogo na kuhitaji watu wawili wa kuniinua.

Siku yangu ya kwanza niliingia na chaki mpya na somo nililoliandaa vizuri sana, linaitwa "Mji Wetu". Nikauliza nani kati yao ameshawahi kufika Dar es Salaam. Mwishowe mtoto mmoja, mama yake akiuza vitunguu kule Shimoni, chini ya soko, akainua mkono akasema yeye hajafika ila shangazi yake anaishi huko, Mbagala. Wote walikuwa wamezaliwa Kariakoo, na wengine walilala kila siku wakisikia honi za meli bandarini. Kwao Kariakoo ilikuwa Kariakoo, na Dar es Salaam ilikuwa mahali fulani pa watu wenye nafasi.

Darasa la jirani alikuwapo Bi Tatu, mwalimu wa zamani, mwembamba, mkali, mwenye kikohozi kilichonyamazisha madarasa mawili kwa mpigo. Alinikuta nimechorea ubao mzima ramani ya mji huku watoto wakipakana chaki usoni. Akanitazama, akatazama ramani.

"Mwanahawa," aliniambia, "huo mji uko hapo nje. Unauchora wa nini?"

"Nitawatoaje nje na magari yale?"

"Kwa miguu. Ila kwanza choo, halafu historia. Usije ukapanga kinyume."

Nilipanga kinyume. Ziara yangu ya kwanza ilikuwa ya kwenda Mnara wa Saa, na tulipofika tu Mchafukoge mmoja alitaka choo. Choo cha mtoto mmoja huwa hakiendi peke yake. Siku hiyo darasa langu lilikiona choo cha msikiti, cha mgahawa, na cha ofisi moja ya mawakala wa forodha ambako tulipokelewa kwa heshima tusiyoistahili. Kesho yake nikawaambia wachore walichokiona mjini. Mnara wa Saa haukuwamo hata kwenye karatasi moja. Masinki yalikuwamo, tena yamechorwa vizuri.

Kifaa cha kazi ni kamba. Bi Tatu alinipa yake ya katani, imepigwa mafundo, kila mtoto na fundo lake, mwalimu mbele na mwenzake nyuma. Msinunue ya nailoni, inateleza. Mtu asiyeijua Kariakoo atadhani kamba ya watoto haiwezi kupita katikati ya mikokoteni, maguta ya magurudumu matatu, mitumba na watu wanaotembea na magodoro kichwani. Inapita. Vijana wa maguta ambao hawampishi hata trafiki walisimama kwa breki za miguu, wakitutukana kwa sauti ya chini kwa kuwa kuna watoto. Kuna siku mzee mmoja aliyetoka mkoani alishika fundo la mwisho akaniambia na yeye anaenda Posta, anaogopa kupotea. Nikamwacha. Alikuwa mtulivu kuliko wote.

Filimbi siwashauri. Niliwafundisha watoto kwamba filimbi ikilia wote wanasimama, na wakalishika hilo kuliko kitu chochote nilichowahi kuwafundisha. Tatizo ni kwamba mjini hapa kila mwenye shati la kazi ana filimbi. Trafiki alipiga, tukasimama. Mlinzi wa maegesho alipiga, tukasimama. Tulipofika Mnazi Mmoja kulikuwa na vijana wanacheza mpira, na pale refa alitusimamisha mpaka jasho likanikauka mgongoni. Niliitupa kwenye kabati, na bado imo.

Jambo lingine ni kutazama juu. Majumba ya zamani ya Kariakoo na Mchafukoge yana uzuri wake juu, si chini. Chini ni chaja za simu na mabeseni. Juu kuna mwaka ilipojengwa nyumba, jina la aliyeijenga, maua ya saruji, vibaraza vya chuma kilichokunjwa kama mkeka. Watoto wakigundua hilo hawashuki tena macho, na hapo ndipo wanapogonga mikokoteni. Sheria yetu ikawa macho yakipanda, miguu inasimama. Baadaye wakaanza kuwafundisha wazazi wao, na mama mmoja alikuja kulalamika kwamba hawezi tena kumaliza kununua nyanya kwa sababu mwanawe anasimama kila mlango na kumwambia, "Mama, tazama juu." Nilimwambia atazame. Akanijibu nyanya ziko chini.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe, ambacho Neema ndicho anachokitaka, hayo mengine nimeyaweka kumchelewesha.

Katikati ya kipilefti cha Posta, pale magari yanapozunguka, amesimama Askari. Ni sanamu ya shaba, mwanajeshi Mwafrika wa vita ya kwanza ya dunia, bunduki mkononi, ameinama mbele kidogo na kuielekeza upande wa bandari. Niliwapeleka watoto pale nikiwa na maelezo mazuri sana juu ya vita. Tulivuka barabara kwa kamba, tukasimama chini yake. Kabla sijafungua mdomo, watoto wote wakasema kwa pamoja, kama walivyofundishwa nyumbani kwao na kwangu, "Shikamoo."

Askari, bila shaka, hakuitikia.

Nikaanza maelezo. Nikayamaliza. Nikavuta kamba tuondoke, kamba ikagoma. Kwenye fundo la katikati alikuwapo Mwanaidi, mtoto aliyelelewa na bibi yake mtaa wa Gerezani, na ameketi chini.

"Mwanaidi, simama tunaenda."

"Nimemwamkia, hajaitikia."

"Yule ni sanamu, mwanangu. Hasikii."

"Ana masikio."

Nikatazama juu. Ni kweli, anayo, tena yaliyotengenezwa kwa ustadi. Watoto wengine nao wakatazama, wakathibitisha kwamba masikio yapo mawili, na mmoja mmoja wakaketi. Muwaelewe. Mtoto wa pwani anafundishwa shikamoo kabla hajafundishwa kuvaa viatu, na anaahidiwa kwamba ikitoka upande wake, lazima irudi marahaba. Mkubwa asiyeitikia amekukataa. Kuondoka hujaitikiwa ni kukubali aibu, na Mwanaidi hakuwa mtoto wa kukubali.

Magari yakaanza kupunguza mwendo kututazama, foleni ikaanza kujikunja. Trafiki akavuka akaja.

"Mwalimu, toa watoto hapa."

"Wamesusa, afande."

"Wanadai nini?"

"Marahaba."

Alifikiri kidogo, akawageukia, akasema, "Marahaba." Mwanaidi akamwambia kwa adabu, "Siyo wewe." Trafiki akanitazama kwa jicho la mtu aliyesomea mambo mengi chuoni lakini si hili. Mimi nilikuwa naomba ardhi ipasuke. Mwalimu mkuu wa wakati ule alikuwa ameniruhusu kwa shingo upande, na nilijua habari hii ikimfikia kabla yangu, hiyo ndiyo ziara ya mwisho.

Ndipo sauti nzito ikatoka upande wa pili wa ule msingi mrefu wa sanamu. "Marahabaa, wajukuu zangu! Mnisamehe, nilikuwa lindoni, sikuwasikia."

Watoto waliinuka wote kwa mara moja na kujipangusa vumbi. Mwanaidi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyelipwa haki yake. Nilizunguka kwa kisingizio cha kukagua kamba, nikamkuta fundi viatu mmoja mzee amechuchumaa na kisanduku chake cha brashi, ananicheka bila sauti. Huyo alikuwa Mzee Chilumba, Mmakonde wa Newala, ambaye kijiwe chake kilikuwa kivulini ng'ambo ya barabara. Alikuwa ametusikiliza tangu mwanzo, akaona aje asaidie.

Tangu siku hiyo akawa mwalimu mwenzangu. Nilikuwa nampitia siku moja kabla, namwambia, "Mzee, kesho tunakuja," naye ananijibu, "Nitakuwa lindoni." Kuna watakaosema nilidanganya watoto. Wale watoto waligundua wenyewe walipofika darasa la pili au la tatu, na hawakunung'unika. Walichofanya ni kuwafundisha wadogo zao kusema shikamoo kwa sauti zaidi.

Shida yake Mzee Chilumba ni kwamba alinogewa na kazi. Tulikubaliana marahaba tu. Mwaka uliofuata mtoto akauliza, "Umekula?" na Askari akajibu amekula ugali. "Na nini?" Na dagaa. "Wa wapi?" Tukakaa pale tunamsikiliza Askari akilinganisha dagaa wa Kigoma na wa Mwanza. Nilimwambia baadaye kwamba mwanajeshi haongei sana. Akanijibu kwamba yule amenyamaza miaka yote hiyo, ana haki ya kuzungumza kidogo.

Lakini lipo alilosema ambalo mimi na maelezo yangu yote sikulifikia. Mtoto mmoja aliuliza kama kwenye vita alikuwa peke yake. Nikasikia mzee anaiweka brashi yake kisandukuni. Kisha akasema hapana, walikuwapo wengi sana waliobeba mizigo. Walichukuliwa vijijini kusini, wakabebeshwa masanduku ya risasi na magunia ya chakula, wakatembea nchi nzima, na wengi hawakurudi. Walipiga kambi kule mnakoishi, alisema, na mtaa wenu umepata jina kutokana nao. Ile Kariakoo mnayoitamka kila siku ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, likageuzwa na ndimi zetu. Nilijua babu yake mzaa baba alikuwa mmoja wao, alishaniambia. Watoto hawakujua, ila sauti waliisikia ilivyobadilika, na hakuna aliyechezea kamba.

Kisha Hamisi, ambaye baba yake ni kuli sokoni, akauliza, "Baba yangu anabeba mizigo. Unamjua?"

"Namjua," Askari akajibu. "Mwambie namsalimu sana."

Asubuhi iliyofuata baba yake Hamisi alikuwa mlangoni kwangu kabla ya kengele, kofia mkononi, uso umemparama. "Mwalimu," alisema, "huyo askari anayenitafuta ni wa kituo gani?" Nilimweleza. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akaacha kucheka, akaivaa kofia yake polepole. Hamisi aliniambia Jumatatu kwamba Jumapili walikwenda Posta wawili, na baba yake alimwamkia Askari kwa sauti. Nikamuuliza kama aliitikiwa. Akasema baba kamwambia Jumapili Askari anapumzika.

Ndiyo maana ziara hii niliishikilia. Wakuu wa shule walikuja na kuondoka, kila mmoja na hofu yake, na wote niliwashinda kwa kuwachosha. Wa mwisho, Mwalimu Haule, kijana mzuri kutoka Songea, mpole, mwoga wa magari, sikupata muda wa kumchosha. Nilistaafu. Wiki chache baadaye Neema akanieleza kwamba mkuu amesema ziara hii ataiangalia kwa macho yake mwenyewe, na akiona ni kuhatarisha watoto kwa ajili ya kutazama sanamu, basi wataonyeshwa picha yake kwenye simu, darasani. Nililala vibaya. Nilijiona nimeacha nyumba imejengwa vizuri na mtu anakuja na nyundo.

Siku yenyewe nilikuwa nakaanga vitumbua, simu ikaita. Ni Neema, ananong'ona.

"Shikamoo mwalimu. Mzee Chilumba hayupo. Hapa wanasema mwanawe alimfuata, amerudi Newala kupumzika."

"Mko wapi?"

"Mnazi Mmoja, wanakunywa maji. Mwalimu Mkuu anahesabu bodaboda zinazotukosakosa. Wasipoitikiwa si watakaa chini mwalimu?"

"Watakaa. Kaka zao wameshawaambia. Wapitishe polepole, waonyeshe juu kila nyumba."

Nilizima jiko, nikajitanda khanga, nikachukua bodaboda, kitu ambacho nilikuwa nimekikataa maisha yangu yote. Kijana aliniuliza naenda wapi pale Posta, nikamwambia kipilefti. Akauliza upande gani wa kipilefti. Nikamwambia katikati. Hakuuliza tena.

Nilijibanza nyuma ya msingi wa sanamu, nimeketi juu ya ukingo wa maua, magoti yananilaani. Mlinzi wa duka la ng'ambo alinitazama kwa mashaka, nikampungia mkono. Nikawasikia wanavuka, nikaisikia sauti ya Haule ikisema "haraka, haraka, haraka". Kisha watoto wote kwa pamoja wakasema:

"Shikamoo!"

Nilikuwa nimepanga kuikaza sauti iwe nzito ya kiume. Nikavuta pumzi, moshi wa lori ukanijaa kooni, nikakohoa kikohozi ambacho Bi Tatu angekitambua, na kilichofuata kikatoka kwa sauti yangu ileile ya darasani.

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmeshakwenda choo?"

Mtoto mmoja akawaambia wenzake, taratibu, kama anayetoa taarifa, "Askari ni bibi."

Hakuna aliyebisha. Wakaanza kuuliza, nami nikajibu. Niliwaambia juu ya waliobeba mizigo na jina la mtaa wao, vilevile kama Mzee Chilumba alivyolisema, kwa sababu nilikuwa nimelisikia miaka mingi na nilitaka lisipotee.

Hapo ndipo viatu vilivyopigwa rangi vizuri vikatokeza pembeni yangu. Mwalimu Haule alikuwa amezunguka kuona ni nani. Tukatazamana, yeye na suti yake, mimi na khanga yangu, nimeketi kwenye maua ya serikali na unga wa vitumbua mkononi. Nikaona anafungua mdomo kusema jambo la kiofisi. Lakini amelelewa na mama yake vizuri, na mbele yake kuna mtu mzima wa makamo ya mama huyo. Kilichotangulia ni kile kinachotangulia siku zote.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

"Marahaba, baba," nikaitikia.

Upande wa pili watoto wakaguna kwa mshangao. Mwalimu Mkuu amemwamkia Askari, na Askari kamwitikia peke yake, tena kamwita baba. Aliporudi kwao walimpisha njia. Neema anasema mtoto mmoja alimshika mkono wa suti mpaka shuleni, bila kuambiwa, na mkuu hakuhesabu bodaboda hata moja njia nzima.

Jioni Neema aliniletea michoro yao. Kwenye kila karatasi Askari yupo na bunduki yake, ameinama mbele, amejitanda khanga. Wengine wamempa miwani yangu, ambayo hawakuiona wala sijui wameijuaje. Nimeibandika sebuleni, na wageni wananiuliza ni vita gani hiyo.

Kuhusu ziara, mkuu hakusema neno mbele ya walimu. Alinipigia simu muhula ulipokaribia kwisha. Alizunguka sana, akaulizia afya, akaulizia magoti, akaulizia kikohozi. Mwishowe akasema, "Sasa mwalimu, muhula ujao watoto wakienda Posta, wewe utakuwepo?"

"Niwepo wapi?"

Akashusha sauti. "Lindoni," akasema.

Nilikuwa na mengi ya kumjibu, nimeyaweka tangu nilipostaafu, na mengine makali. Likanitoka moja tu.

"Marahaba," nikamwambia.